Jasho halilipi rolex ya chapati na mayai: kupanga mazoezi na chakula ukiishi Kampala

Kila Januari milima ya Kololo na Naguru hujaa watu waliovaa raba mpya. Kufikia mwezi wa pili wengi wamesharudi kitandani, na ukiwauliza watakujibu kwa sauti moja: nilikimbia wiki nne na kilo hazikushuka. Mimi siwaiti wavivu. Shida yao ni kwamba waliyapa mazoezi kazi ya sahani. Mazoezi hujenga moyo, mapafu, misuli na namna mwili unavyoishughulikia sukari. Kupunguza kilo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya chakula. Ukivichanganya hivi viwili utatoka jasho mwaka mzima na suruali itabaki pale pale.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Anayerukia ya nne kabla ya ya tatu ndiye yule wa Januari.

Hatua ya 1: Jipime, na usiitegemee mizani peke yake

Tafuta utepe wa fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kawaida bila kubana tumbo, kisha pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamume akifika sentimita 94 na mwanamke akifika 80, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo imeanza kupanda, hata kama jamaa wanamsifu kwamba "amenawiri".

Pima pia mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Mtu mzima huwa kati ya 60 na 100. Namba hii ndiyo itakayokuonyesha mabadiliko mapema, maana moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo hupiga mara chache.

Kipimo cha tatu ni mlima. Chagua mmoja unaoujua, tuseme ule wa kwenda msikiti wa Kibuli, upande kwa mwendo wa haraka bila kukimbia, na uandike dakika ulizotumia. Rudia kila baada ya wiki nne.

Mizani ina nafasi yake: mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai. Wale vijana wanaokaa na mizani kando ya barabara hawana ubaya, ila ukipanda leo umevaa viatu na kesho umetoka kula, hiyo tofauti ya kilo moja na nusu haina maana yoyote.

Kabla ya yote hayo, pima presha na sukari kwenye kliniki iliyo karibu. Mwenye selimundu, mjamzito, anayebanwa na kifua anapopanda ngazi, au anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze kwanza na daktari. Huyo wa sukari hasa: ukiongeza mazoezi na kupunguza chakula huku dozi ni ile ile, sukari inaweza kushuka hadi uanguke.

Hatua ya 2: Jua nguvu za mwili zinakwenda wapi

Umetaboli ni jumla ya kazi zote mwili unazofanya ili kugeuza chakula kiwe nguvu na kiwe mwili. Wengi hudhani nguvu hizo huishia kwenye kukimbia. La. Kwa mtu wa kawaida, asilimia 60 hadi 70 ya kalori za siku hutumika hata akilala tu: ini, ubongo, moyo na figo havipumziki. Asilimia 10 hivi huenda kwenye kusaga chakula chenyewe. Kinachobaki ndicho cha kutembea, kufagia, kupanga bidhaa, na hayo mazoezi yako.

Unaweza kukadiria. Zidisha kilo zako kwa 10, jumlisha urefu wako wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Mama wa miaka 35 anayeuza vitenge, mwenye kilo 72 na urefu wa sentimita 160, anapata 1,384. Hizo ni kalori za kulala tu. Kwa kuwa anakaa dukani kutwa, azidishe kwa 1.4, na atafika karibu 1,940 kwa siku. Ni makadirio, yachukue kama mahali pa kuanzia.

Sasa ile sababu pendwa: "nimezeeka, umetaboli umelala." Mwaka 2021 watafiti walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, na wakakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, umetaboli hautikisiki sana kati ya miaka 20 na 60. Baada ya hapo ndipo huanza kushuka polepole. Mtu wa miaka 40 aliyenenepa amebadilisha maisha kwanza: amepata cheo cha kukaa, amenunua gari, na bodaboda inamchukua mlangoni.

Jambo la pili huwashangaza wengi, na limetoka kwa majirani zetu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea kilomita kwa kilomita kila siku. Ukilinganisha miili ya ukubwa sawa, kalori walizotumia kwa siku hazikutofautiana na za Wamarekani wanaokaa ofisini. Inaelekea mwili hubana matumizi kwingine pale unapoongezewa mwendo. Ndiyo maana kilo hazishuki kwa hesabu rahisi ya "nimekimbia, basi nimeunguza".

Uganda nayo ina fahari yake hapa. Katika takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa mwaka 2018, ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko nchi zote wasiofanya mwendo wa kutosha, asilimia 5.5 tu. Lakini sifa hizo ni za mkulima wa Soroti mwenye jembe mkononi. Karani wa Kampala asijivike.

Hatua ya 3: Rekebisha sahani

Ingia hoteli yoyote ya mtaani saa saba mchana, uagize chakula. Mhudumu atauliza, "nikuchanganyie?" Ukikubali, inakuja sahani yenye matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, kipande cha kiazi kitamu, muhogo na malenge, vimepangwa hadi ukingoni. Kando kuna kibakuli cha maharagwe ambacho ungekiweka kwenye kiganja kimoja. Wanga wa aina tano au sita, protini kidogo, na mboga ni jani moja la dodo (mchicha) lililoelea kwenye mchuzi.

Hakuna chakula kibaya kwenye sahani ile. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba hayana hata tone la mafuta. Kasoro ni kipimo. Agiza aina mbili za wanga badala ya sita, jumla yake isizidi ngumi zako mbili, na ulipie bakuli la pili la maharagwe. Omba mboga za majani kama nakati, dodo au sukuma ijaze nusu ya sahani. Mwanzoni watakucheka. Siku ya nne mhudumu atakuwa ameshazoea.

Kwa nini maharagwe? Kwanza protini hushibisha kwa muda mrefu. Pili, mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nguvu ya protini katika kuisaga na kuitumia, wakati kwa wanga ni 5 hadi 10 na kwa mafuta ni chini ya hapo. Tatu, mtu anayepunguza kilo bila protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, na hilo ndilo humfanya aonekane mgonjwa badala ya mwembamba. Lenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako. Yule mama wa vitenge anahitaji kama gramu 86. Zinapatikana bila unga wowote wa makopo: mayai mawili yana gramu 12, vikombe viwili vya maharagwe yaliyoiva kama 30, nusu lita ya maziwa 16, konzi ya mukene (dagaa) mkavu kama 15, na kinachobaki hutoka kwenye posho au kalo (ugali wa ulezi) yenyewe. Mukene ni protini ya bei nafuu sokoni, na bado watu huidharau kwa sababu wanaiona ni chakula cha kuku. Ioshe mara kadhaa kutoa mchanga, ikaange kavu, kisha uitie kwenye nyanya na kitunguu.

Twende kwenye rolex. Simama kando ya kikaango na uangalie, bila kumsumbua kijana. Chapati ilishakaangwa na mafuta tangu asubuhi. Anamimina mafuta tena kwa ajili ya mayai, anakoroga mayai mawili na nyanya na kabeji kwenye kikombe cha plastiki, anayamwaga, kisha analaza chapati juu ili inyonye mafuta yaliyobaki. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori 120. Rolex ya chapati moja na mayai mawili hufika 550 kwa urahisi. Mtu wa kilo 72 akitembea kwa haraka saa nzima hutumia kalori 300 hivi, na sehemu ya hizo angezitumia hata akiwa amekaa. Hilo ndilo deni ambalo jasho halilipi.

Rolex usiiache, ila iagize kwa akili: chapati moja, mayai mawili, kabeji na nyanya mara mbili, na umwambie apake mafuta kidogo. Iwe mlo, isiwe kitafunio kati ya milo. Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na maharagwe, ni hivyo hivyo. Agiza chapati moja na maharagwe ya watu wawili, nacho kinageuka kuwa chakula kizuri kuliko vingi.

Kwenye mchuzi wa binyebwa (karanga) uwe mwangalifu. Karanga ni chakula bora, lakini vijiko viwili vya mezani vya karanga iliyosagwa vinakaribia kalori 190, na sisi hatupakui kwa kijiko, tunapakua kwa upawa. Ukila binyebwa, usiongeze kitu kingine cha kukaanga kwenye mlo huo.

Sukari ya kunywa ndiyo mahali pa kuanzia kwa asiyetaka kubadilisha kitu kingine chochote. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi, sawa na vijiko 12 vya chai. Anayekunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu, amefika pale pale bila kugusa soda. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya kalori za siku, na ikishuka chini ya 5, yaani gramu 25 hivi, ni heri zaidi. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautagundua. Bia ya nusu lita nayo ina kalori kama 200, na muchomo (nyama choma) unaoisindikiza una hesabu yake.

Kuhusu chai kuna neno moja zaidi, hasa kwa akina mama. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga. Upungufu wa damu huua pumzi. Utapanda mlima ukihema na kudhani ni uvivu. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya mlo, na kwenye chakula kamulia ndimu.

Hatua ya 4: Tembea kwanza, mlima baadaye

Kiwango cha chini ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 za mwendo mkali. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 30 kwa siku tano zinatosha, na si lazima ziwe za mfululizo. Shuka taksi vituo viwili kabla, utembee. Pita mitaa ya ndani. Kwenye Jinja Road saa za foleni utavuta moshi zaidi kuliko hewa.

Kama una nafasi ya dakika 10 au 15 tu, zitumie mara baada ya kula. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada mkubwa wa insulini, kwa hiyo sukari haipandi sana baada ya mlo. Kwa mtu ambaye wazazi wake wana kisukari, kutembea huku kwa mchana kuna thamani kuliko kukimbia kwa Jumapili moja.

Wiki ya tatu ongeza mlima mara mbili kwa wiki. Panda kwa nguvu dakika moja hadi mbili, shuka polepole, rudia mara nne, baadaye sita. Anayetaka kukimbia achanganye: dakika moja mchakamchaka, dakika mbili kutembea, kwa nusu saa. Magoti na vifundo vya miguu huzoea taratibu kuliko mapafu, hivyo usiruke hatua kwa sababu pumzi imeruhusu.

Na tafadhali, usiige sahani ya wanariadha wa Kapchorwa. Joshua Cheptegei alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020, dakika 12 na sekunde 35.36, alikuwa akikata kila kilomita kwa dakika mbili na nusu na sekunde moja. Wanariadha wa miteremko ya Mlima Elgon hukimbia asubuhi na jioni kwenye hewa nyembamba; mlima wa posho kwao ni mafuta ya safari. Wewe unaoga na kurudi kwenye kiti.

Hatua ya 5: Misuli, mara mbili kwa wiki

Hapa ndipo wengi huacha, hasa akina dada wanaoogopa "kuwa kama mwanamume". Haitatokea kwa jerikeni la lita tano.

Jaza majerikeni mawili. Fanya haya: kaa kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, baadaye ukiwa umeshika jerikeni kifuani; pushapu, kwanza kwenye ukuta, kisha kwenye benchi, kisha chini; inama mgongo ukiwa umenyooka na uvute jerikeni hadi ubavuni, mkono mmoja mmoja; inua majerikeni yote mawili kutoka chini kwa nguvu ya miguu na nyonga; malizia kwa kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko hadi utetemeke. Kila zoezi raundi tatu, mara 8 hadi 12. Mara ya kumi na mbili ikiwa rahisi, ongeza uzito. Eneo si kisingizio: Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa korona, Rais Museveni alitoa video akifanya mazoezi ndani ya chumba, pushapu zikiwemo, naye alikuwa na miaka 75.

Utasikia jimu kwamba misuli "inaunguza mafuta hata ukilala". Ni kweli, lakini kidogo mno: kilo moja ya msuli hutumia kalori 13 hivi kwa siku ikiwa imepumzika, kilo ya mafuta kama 4 na nusu. Hizo hazinunui hata nusu ya ndizi. Faida ya misuli ni nyingine. Ni ghala la sukari inayotoka kwenye chakula, huzuia mwili usijile wenyewe unapopunguza kilo, na ukifika miaka 70 ndiyo itakayokuinua kwenye kiti bila kuitwa mjukuu.

Hatua ya 6: Lala

Saa saba hadi nane. Asiyelala huwa na njaa zaidi kesho yake, na njaa hiyo hutafuta mandazi, haitafuti nakati. Mfungo wa Ramadhani ukiingia, tembea kidogo kabla ya futari, na mazoezi ya misuli yahamishie baada ya tarawehe.

Hatua ya 7: Soma mabadiliko kwa wakati wake

Wiki ya kwanza unaweza kupoteza kilo mbili. Usitangaze. Mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, kiasi cha gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, na ukipunguza wanga maji hayo hutoka kwanza. Kasi ya kweli ni nusu kilo kwa wiki, maana kilo moja ya mafuta ina kalori 7,700 hivi, na kupunguza 500 kwa siku hukupa karibu nusu yake kwa wiki.

Nguvu utakazopata wiki za mwanzo ni za mishipa ya fahamu iliyojifunza kuita misuli. Misuli yenyewe hunenepa baadaye, kuanzia mwezi wa pili. Mapigo ya asubuhi na dakika za mlimani ndivyo vitakavyobadilika mapema, hata mizani ikiwa imelala.

Kilo zikigoma wiki tatu mfululizo, rudia hesabu ya hatua ya 2 kwa uzito wako mpya. Yule mama akifika kilo 65 anahitaji kalori za kulala 1,314, yaani 70 pungufu ya mwanzo, na mwili mwepesi hutumia kidogo pia unapotembea. Pima mafuta ya kupikia kwa kijiko kwa wiki moja kabla ya kulaumu kitu kingine. Mara nyingi yamerudi kimyakimya.

Homa ikikupata, acha kila kitu. Malaria na mazoezi havikai pamoja. Moyo tayari unakimbia na damu inapungua. Stamina huanza kushuka baada ya wiki mbili za kukaa, lakini hurudi haraka kuliko ulivyoijenga mara ya kwanza. Maliza dawa zote, kaa siku chache baada ya homa kuisha, kisha anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya. Usiongeze chochote mpaka mapigo ya asubuhi yarudi kwenye namba yake ya kabla ya kuugua.